Upepo wa Pembamnazi: mradi unalipa au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?

#1 Mwana wa Pembamnazi
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wajuzi, maana nimebanwa na familia.

Wiki iliyopita vijana watatu walifika kwa baba mdogo huko Pembamnazi, mwisho kabisa wa Kigamboni. Gari safi, fulana zina nembo, hadi soda wamekuja nazo wenyewe. Wanataka kukodi nusu eka kwa miaka miwili wasimike mlingoti wa kupimia upepo. Wakiridhika na vipimo watarudi kutafuta eka nyingi kwa ajili ya mradi wa megawati 50, mkataba miaka 25. Baba mdogo kanipigia mimi kwa sababu ndiye ninayevuka daraja kila asubuhi kwenda mjini, na kwake yeye kila anayevuka daraja anajua umeme. Mimi nauza vipuri vya bodaboda Kariakoo.

Swali langu ni hili. Upepo pwani upo, hata mtoto anaujua. Kama kweli una hela, mbona kutoka Tanga hadi Mtwara hatuoni hata pangaboi moja kubwa linazunguka? Na si pwani tu, Tanzania nzima hakuna mradi wa upepo uliosimama. Je, hawa vijana wana kitu au wanatafuta ardhi ya bei chee?

#2 Shangazi wa Tandika
Nimetandika mkeka, nina kahawa na kashata. Waje wajuzi.

#3 Fundi Volti
Mleta uzi, naanza kukusahihisha. Upo mradi. Mwenga, huko Mufindi, wamesimamisha mitambo mitatu ya kilowati 800 kila mmoja, jumla megawati 2.4, tangu 2020. Ni mdogo lakini unazunguka na watu wa vijijini wanatumia umeme wake.

Kuhusu pwani, jibu ni fupi. Vipimo vya serikali vinavyonukuliwa kila siku vinasema Singida upepo unakwenda wastani wa mita 9.9 kwa sekunde na Makambako 8.9, na hapo ni urefu wa mita 30 tu kutoka ardhini. Pwani haifiki huko. Mwekezaji mwenye akili anakwenda bara. Mods fungeni uzi.

#4 Nahodha Mstaafu
Fundi, wewe umewahi kutoka na ngalawa mwezi wa saba? Usifunge uzi wa watu.

Mimi nimevua Kunduchi na Mjimwema zaidi ya miaka thelathini. Upepo wa pwani si mmoja. Kusi inaanza mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, na ikikaza mwezi wa sita, wa saba, kuna siku hatuthubutu kutoka, tanga linapasuka kama karatasi ya maandazi. Kaskazi inaingia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, ndiyo iliyokuwa inaleta majahazi ya Waarabu. Katikati ya hizo mbili ni maleleji, tanga mbili, hujui upepo unatoka wapi, na siku nyingine hakuna kabisa, unapiga kasia mpaka kifua kinauma.

Halafu ndani ya siku moja nako kuna zamu. Alfajiri umande wa nchi kavu unakusukuma nje. Baada ya adhuhuri upepo wa baharini unakurudisha nyumbani. Sasa nyie mnaosema wastani, mnachukua saa ipi?

#5 Hesabu Haidanganyi
Mzee hapo #4 amegusa penyewe bila kutumia kalamu.

Nguvu iliyomo kwenye upepo haipandi sambamba na kasi yake. Inapanda kwa kasi mara kasi mara kasi. Upepo wa mita 7 kwa sekunde una nguvu karibu mara 2.7 ya upepo wa mita 5. Umeongeza mita mbili tu, umekaribia kupata nguvu mara tatu! Kwa hiyo aliyekosea kipimo kwa mita moja hajakosea kidogo, ameharibu hesabu ya mradi mzima.

Na wastani una ujanja wake. Chukua sehemu mbili. Ya kwanza upepo ni mita 6 saa zote, usiku na mchana. Ya pili nusu ya muda ni mita 3, nusu ni mita 9. Wastani ni ule ule, 6. Lakini piga: 6 mara 6 mara 6 ni 216. Kwa ya pili unapata 27 na 729, wastani wake 378. Karibu mara mbili ya nguvu na wastani haujabadilika. Kusi ya mzee Nahodha ikiwa kali kweli, mwaka mzima unaweza kubebwa na miezi minne.

Angalizo: mtambo haukubali kila upepo. Chini ya mita 3 au 4 haugeuki. Ukifika kama 12 unatoa uwezo wake wote na hauongezi tena. Ukipita 25 unajifunga wenyewe usivunjike.

#6 Kidedea
Yaani upepo nao una Simba na Yanga. Miezi minne unafunga, inayobaki unatafuta sare.

#7 Shangazi wa Tandika
Kidedea acha, Yanga hatutafuti sare.

#8 Binti wa Anga
Nimesomea mambo ya hewa, niongezee mawili.

Fundi #3, usilinganishe kasi peke yake. Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa ya kule ni nyepesi. Ukipiga hesabu ya mgandamizo na joto, hewa ya Pembamnazi ni nzito, ile ya Singida ina uzito pungufu kwa kama asilimia 15. Kwa kasi ile ile, pangaboi la pwani linasukumwa kwa nguvu zaidi. Haitoshi kufuta pengo la 9.9, lakini si la kubeza.

Pili, urefu. Vipimo vya viwanja vya ndege huchukuliwa mita 10 kutoka chini, mitambo ya leo kitovu chake kiko mita 80, 100 na zaidi. Upepo huongezeka kadiri unavyopanda. Kanuni ya haraka haraka ni kwamba ukitoka mita 10 kwenda 100 kasi inaongezeka karibu asilimia 40 kwenye uwanda wazi. Lakini Pembamnazi si uwanda, ni minazi na mikorosho. Miti inakwaruza upepo, huku chini unapungua na unayumba, kule juu tofauti inakuwa kubwa zaidi. Huwezi kujua kwa kukadiria. Ndiyo maana wanataka mlingoti.

#9 Fundi Volti
Dada #8 nakubali la hewa. La minazi nakubali nusu. Lakini bado hujajibu: kwa nini hakuna aliyejenga? Upepo mdogo, basi.

#10 Mama Riba
Fundi, mimi nimekaa upande wa mikopo miaka kumi na moja. Miradi haifi kwa upepo, inafia mezani kwetu. Ngoja niwape hesabu ya kwenye bahasha, namba ni za mfano tu lakini si za kubuni hewani.

Megawati 50. Tuchukulie kila kilowati inagharimu dola 1,600 mpaka umewasha, ni dola milioni 80. Matunzo na uendeshaji weka dola milioni 2 kwa mwaka. Sasa mtambo wa 50 hautoi 50 saa zote. Tuseme kwa mwaka unatoa robo ya uwezo wake, yaani asilimia 25. Unapata uniti milioni 109.5.

Mtaji wote ukirudishwa kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12, ni kama dola milioni 10.7 kwa mwaka. Jumlisha matunzo, 12.7. Gawanya kwa uniti. Kila uniti inakugharimu senti 11.6 za dola. Tukiweka dola kwa shilingi 2,500, ni shilingi 290.

Sasa badilisha riba tu, upepo uache ulivyo. Pesa ya asilimia 8: inashuka mpaka senti 9.3, shilingi 232 hivi. Rudi kwenye asilimia 12 lakini upepo utoe asilimia 35 badala ya 25: senti 8.3, shilingi 207. Vyote viwili vikiwa vizuri, senti 6.6, shilingi 166.

Mnaona? Upepo ule ule wa mzee Nahodha, mmoja anapata hasara na mwingine anacheka, tofauti ni nani aliyewakopesha.

#11 Kidedea
290! Mbona LUKU mimi nanunua zaidi ya hapo? Basi inalipa, baba mdogo asaini.

#12 Hesabu Haidanganyi
Kidedea punguza mwendo. Bei ya kawaida ya nyumbani ni 292 kwa uniti, ukiongeza VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) unafika kama 356, ndiyo hiyo unayolipa. Lakini hiyo ni bei ya mwisho wa waya, nyumbani kwako. Humo ndani kuna nyaya, transfoma, nguzo zinazoanguka, umeme unaopotea njiani, na jirani yako aliyejiunganishia. TANESCO hawezi kununua 290 shambani akuuzie 292 sebuleni. Na kuna wateja wa 100 kwa uniti, wale wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi.

Kwa hiyo Mama Riba, mradi wako wa kwanza umekufa. Wa mwisho, wa 166, labda unapumua.

#13 Mama Riba
Sijasema umepona, nimesema uangalie riba. Na kuna lingine sikuweka: mkopo ni dola, mapato ni shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu 2,340. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Nani anabeba hiyo tofauti? Mwenye mradi anataka mkataba wa dola. Mnunuzi mkubwa wa gridi ni mmoja, na yeye anawauzia watu kwa shilingi. Hapo ndipo mazungumzo hukaa miaka.

#14 Jirani wa Namanga
Habari zenu watani. Nimeingia kimyakimya lakini niwasimulie ya kwetu.

Turkana tuna mitambo 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Upepo wa kule ni wa ajabu, haulali. Mitambo ilimalizika mapema 2017. Ikazunguka? Haikuzunguka. Laini ya kuileta Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha. Umeme ulianza kuingia gridi mwezi wa tisa 2018, na mkataba unasema mwenye mradi alipwe hata kama laini haijafika, basi serikali ikalipa mabilioni ya shilingi za kwetu kwa umeme ambao hakuna aliyeuona.

Kwa hiyo mkiambiwa Singida upepo mzuri, ulizeni na waya. Pwani yenu mna faida: watumiaji wako hapo hapo Dar. Upepo wa wastani karibu na mji unaweza kushinda upepo mtamu porini.

#15 Fundi Volti
Jirani karibu. Ila Singida kuna laini kubwa ya gridi inapita, si kama Turkana. Usitutishe.

#16 Jirani wa Namanga
Sawa Fundi, nimekosea la Singida. Basi niwaachie Kinangop. Megawati 60, mkopo umepatikana, wananchi wakagoma kuhusu ardhi, 2016 mradi ukafutwa. Hapo hakukuwa na shida ya upepo wala ya waya.

#17 Mzalendo wa Rufiji
Mnajadili nini nyie watu? Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza ulianza mwezi wa pili 2024. Masika ya mwaka huo huo mitambo mingine ya maji ikazimwa kwa sababu umeme ulizidi. Tuna gesi Songo Songo tangu 2004, tuna bomba kutoka Mtwara, tuna mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Nani atanunua upepo wa Pembamnazi? Hiyo ndiyo sababu hakuna pangaboi. Hatuuhitaji.

#18 Shangazi wa Tandika
Mzalendo, mwisho wa 2023 mimi nilitupa samaki kilo nane kwenye friji kwa mgao. Usiniambie hatuhitaji.

#19 Binti wa Anga
#17 una hoja kwa mwezi wa nne. Nenda na mimi mwezi wa kumi. Masika yameisha tangu Mei, mito imeshuka, bwawa linakula akiba yake. Na miezi iliyotangulia hapo, Juni mpaka Septemba, ndiyo kusi ya mzee Nahodha inavuma. Kila uniti ya upepo unayoitumia Julai ni maji uliyoyaacha bwawani kwa ajili ya Oktoba. Bwawa lenyewe linakuwa betri yako. Thamani ya uniti ya upepo si moja mwaka mzima, na hesabu ya Mama Riba imezichukua zote kama za bei moja.

#20 Mzalendo wa Rufiji
Mwezi wa kumi na moja je? Maleleji. Mvua za vuli zikichelewa na upepo umelala, hapo unawasha nini?

#21 Binti wa Anga
Gesi. Sijasema upepo uwe peke yake.

#22 Nahodha Mstaafu
Mzalendo kauliza vizuri. Na mimi naongeza: watu wanawasha taa na feni saa moja jioni mpaka saa nne usiku. Upepo wa baharini unakuwa na nguvu alasiri, jua likizama unaanza kuchoka. Kwenye kusi kubwa unaweza kuvuma usiku kucha, lakini kwenye kaskazi mara nyingi usiku bahari inatulia. Huko juu ya minazi sijui, sijawahi kuvua juu ya minazi.

#23 Kidedea
Hahaha mzee Nahodha umemaliza.

#24 Mpemba Halisi
Nyinyi mna gridi mnaringa. Unguja tulikaa gizani kama miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari umeharibika. 2013 ndiyo ukaja waya mpya wa megawati 100, Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mtu anayetegemea waya mmoja hapigi hesabu ya senti sita na senti tisa. Anauliza uniti ya giza inagharimu kiasi gani. Kama upepo haulipi Kigamboni, huenda unalipa visiwani.

#25 Hesabu Haidanganyi
Hoja nzuri. Mahali ambapo mbadala ni jenereta ya dizeli, hesabu inageuka kabisa. Tatizo la visiwani ni kwamba soko ni dogo, kuleta kreni kubwa kwa ajili ya mitambo mitatu kunakula faida yote.

#26 Spana 17
Mnaongea riba, mimi niongee kutu.

Kuna hoteli ndogo ya ufukweni Kigamboni, sitaitaja, walinunua kipangaboi cha kilowati chache, nguzo mita kama 15. Nilikuwa naitwa kukitengeneza. Mwaka wa kwanza raha tupu, wageni wanapiga picha. Mwaka wa pili nikapanda, boliti za shingoni zimevimba kutu, spana haikai. Nikakata kwa msumeno. Ndani ya jenereta kulikuwa na unga mweupe, ukionja ni chumvi. Waya wa shaba umekuwa wa kijani. Mapanga yenyewe yalikuwa mazima, lakini ukipitisha kidole ukingoni yamekwaruzika kama yamepigwa msasa, mchanga na chumvi vinakuja na upepo. Mwaka wa tatu mwenyewe akaniambia nishushe, nguzo ikawa ya kufungia taa za harusi.

Mitambo mikubwa imefungwa vizuri zaidi, najua, kuna rangi maalumu na vyumba vinavyozuia hewa ya chumvi. Lakini hiyo milioni 2 ya matunzo ya Mama Riba, kwa pwani yetu naitilia shaka. Tazameni tu AC za nje pale Masaki.

#27 Mama Riba
Spana, asante. Tukiweka milioni 3, kile kisa cha senti 6.6 kinaenda 7.3. Si kifo, lakini kinauma.

#28 Kijana wa Mbezi
Kwa nini tusiweke baharini kabisa kama Ulaya? Pale Mbudya hakuna mtu, upepo wa kutosha.

#29 Nahodha Mstaafu
Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Hata nanga tunaangalia pa kutupa. Wewe unataka kuchimbia nguzo?

#30 Fundi Volti
Na mitambo ya baharini hugharimu mara mbili na zaidi ya nchi kavu. Hata visa vizuri vya #10 vitakuwa vibaya. Kijana rudi Mbezi.

#31 Kijana wa Mbezi
Nimerudi. Na kimbunga je? Hidaya mwezi wa tano 2024 kilitugusa pale Mafia. Bima ya mitambo itakuwaje?

#32 Binti wa Anga
Swali zuri kuliko la Mbudya. Vimbunga hapa kwetu ni nadra, lakini si hadithi: Lindi kilipiga 1952, Unguja 1872. Mitambo huagizwa kwa daraja la upepo itakaostahimili, na ukichagua daraja la juu bei inapanda. Mwenye bima hatakuuliza vimbunga vingapi unavikumbuka, atakuangalia ramani.

#33 Mzee Dalali
Nimewasoma wote, hamjagusa ardhi, na ardhi ndiyo mchezo wenyewe Kigamboni. Tangu daraja lifunguliwe 2016 kila mtu anakata viwanja. Nakutana na watu wa mashamba ya Pembamnazi wanaouza kwa mita za mraba, si kwa eka tena. Mwekezaji wa upepo anahitaji nafasi: mapangaboi hayabanani, yanaibiana upepo. Ukiwa na panga lenye kipenyo cha mita 120, la pili linakaa mita 600 au 800 mbali. Mitambo kumi na tano au ishirini inatawanyika kwenye mashamba ya watu hamsini. Umlipe nani, umwache nani? Na aliye katikati, asiyekuwa na mtambo lakini anasikia vuuu vuuu usiku?

Singida eka ni bei ya mbuzi wawili. Hapa ni bei ya gari. Sababu ya kutokuwepo mapangaboi pwani ni sisi madalali, samahani.

#34 Binti wa Anga
Mzee Dalali, mtambo wenyewe unakalia eneo dogo, msingi na njia ya kreni tu. Katikati watu wanalima kama kawaida. Hawanunui eka zote.

#35 Mzee Dalali
Wanalima, sawa. Ila hawajengi ghorofa. Na aliyenunua kiwanja Kigamboni hakununua kulima mihogo.

#36 Mwana wa Pembamnazi
Wakuu nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na baba mdogo kwa simu. Kashika mambo matatu: minazi, kelele, na Spana kukata boliti. Anauliza kama minazi itakatwa, maana mingine alipanda babu. Na mimi bado sijui: upepo mdogo (Fundi), riba (Mama Riba), hatuhitaji (Mzalendo), ardhi (Dalali). Nani yuko sahihi?

#37 Hesabu Haidanganyi
Ndugu yangu, wote wanabahatisha, na mimi nikiwemo. Hakuna benki itakayotoa milioni 80 bila vipimo vya mwaka mzima na zaidi, vya mahali penyewe. Kwa hiyo mlingoti si mradi. Ni wao kununua jibu la swali lako.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kodi ya nusu eka ni hela ndogo. Kilicho na thamani ni vipimo. Mwambieni baba mdogo kwenye mkataba aandike: nakala ya vipimo apewe kila mwezi, na wakiondoka waondoe waya na zege. Kama upepo ni mzuri, mtakaa mezani mkijua. Kama ni mbaya, angalau mtajua hawakukimbia bure.

#38 Mzee Dalali
Wakikubali kumpa vipimo nitaacha udalali. Data wanaificha kuliko dhahabu.

#39 Mama Riba
Aombe. Kuomba si dhambi. Na asisaini popote penye maneno "haki ya kwanza ya kununua" bila wakili kusoma. Hiyo ndiyo ndoano. Mlingoti wa miaka miwili unaweza kufunga shamba miaka ishirini.

#40 Fundi Volti
Pia muulize kama wanataka megawati 50 kweli. Chini ya megawati 10 kuna utaratibu wa wazalishaji wadogo, mkataba wa mfano upo, bei elekezi ya EWURA ipo. Ukisikia mtu mpya anaanza na 50, ujue anatafuta kuuza karatasi kwa mwingine, si kujenga.

#41 Mama Riba
Fundi leo umeongea la maana kuliko siku zote.

#42 Fundi Volti
Na upepo bado ni mdogo.

#43 Mwana wa Pembamnazi
Wakuu, ni wiki tisa zimepita, narudi na mrejesho. Baba mdogo alisaini. Wakili alifuta lile la haki ya kununua. Vipimo walikataa kumpa kila mwezi, wamekubali karatasi moja mwisho wa mwaka. Mlingoti umesimama, minazi miwili tu imekatwa, babu hajalalamika (yupo kaburini). Waya za kuushikilia zimefungwa vitambaa vyekundu ili ndege wasigonge, mbuzi wanavitafuna. Kila jioni ananipigia kuniambia vile vikombe vya juu vya kupimia upepo vinazunguka au vimelala.

#44 Binti wa Anga
Hongera. Mlingoti una urefu gani?

#45 Mwana wa Pembamnazi
Anasema mara tatu ya mnazi. Nimemuuliza mnazi upi, akakasirika.

#46 Nahodha Mstaafu
Na vikombe vinasemaje?

#47 Mwana wa Pembamnazi
Juzi vimelala. Jana vimelala. Leo vimezunguka kidogo alasiri halafu vikageukia upande mwingine.

#48 Nahodha Mstaafu
Huu ni mwezi wa kumi na moja, mwanangu. Mwambie alale na yeye, asikupigie simu mpaka kaskazi iingie.

#49 Kidedea
Mleta uzi, nje ya mada: dukani kwako cheni ya Boxer unayo?

#50 Mwana wa Pembamnazi
Ipo mkuu, na sprokete zake. Njoo inbox.